Neno Nililomtafsiria Mama Yako

Kibiti, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Salamu nazifupisha, maana tunaishi nyumba moja na asubuhi ya leo nimekwisha kuitikia shikamoo yako. Wewe na mama yako mmekwenda Mtunda kumuaga bibi yako, mmesema mtarudi kabla ya magharibi. Nimebaki peke yangu na sanduku lako hapa sebuleni. Maneno haya nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu mwaka huu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Ndiyo maana naandika.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Maji, masweta, vidonge vyako, kuwahi hospitali homa ikianza, kutovumilia maumivu kimya kimya. Hayo mama yako ameyarudia wiki nzima mpaka hata mimi nayasema usingizini. Iringa ni baridi, na baridi haipatani na damu yako. Unalijua hilo kuliko sisi. Mimi nina jambo moja tu. Ni la zamani, linakuhusu, na hulijui.

Nianze na siku ambayo unaikumbuka. Ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja na daftari la Kiingereza, ukakaa kwenye mkeka karibu yangu. Mwalimu alikuwa amewapa sentensi kumi, zote zina kitenzi kile kile, run, na kila sentensi ilitaka maana yake. Ukaniuliza, "Baba, hebu nisaidie. Mbona humu hakuna mtu anayekimbia?" Nikachungulia. Sentensi ya nne ilihusu ugonjwa katika familia. Nikainuka, nikasema naenda kuwafunga mbuzi. Mwaka ule hatukuwa na mbuzi hata mmoja.

Nilikusikia nyuma yangu ukimwambia mama yako, "Mama, kumbe Baba hajui Kiingereza. Anaona haya." Tangu siku ile hukuniuliza tena. Ukawa unakwenda kwa mwalimu jirani yetu na madaftari yako, ukaipenda lugha yenyewe, na kesho unakwenda kusomea kuifundisha.

Nilikuwa nakijua Kiingereza, mwanangu. Si kingi. Lakini nilikuwa nakijua, na kichache hicho ndicho nitakachokusimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nauza katika duka la vitambaa la Bwana Hirji pale Mohoro. Bwana Hirji alizaliwa Mohoro, na baba yake vile vile, na babu yake ndiye aliyekuja na marobota ya kwanza ya vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Mohoro hasa, lakini akizungumza na ndugu zake kwenye simu alichanganya Kigujarati na Kiingereza, nami nilikuwa natega masikio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikafeli karibu kila kitu, isipokuwa lugha. Bwana Hirji akinipa magazeti yake ya Kiingereza yaliyokwisha kusomwa, nami nasoma juu ya kaunta, kwa sauti, hasa wateja wakiwapo.

Sifa ikanipata. Watu wakaniletea chupa za dawa za mpunga niwasomee maandishi, wakaniletea vijikaratasi vya redio mpya. Nilipenda namna walivyoitazama midomo yangu. Pale nilipokuwa sijui, nilikisia, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua, hakuna aliyenisahihisha.

Bwana Hirji peke yake ndiye aliyewahi. Ilikuja mitumba ya mashuka yenye lebo. Mwanamke mmoja akanipa moja niisome, nikamsomea kwa madaha kwamba rangi za shuka hili hazitakimbia. Duka zima likacheka. "Zikimbilie wapi, mwanangu?" yule mama akauliza. Bwana Hirji alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma, akaniita.

"Athumani, hiyo si ya miguu. Rangi haichuji, basi."

"Lakini neno ni lile lile, Bwana."

"Neno lile lile, ndiyo. Mashine ya kukoboa ikinguruma, Mzungu anatumia neno hilo. Mto ukitiririka, hilo hilo. Mimi naendesha duka, hilo hilo. Sukari imekwisha, hilo hilo. Mtu akigombea udiwani, hilo hilo. Wewe ukiliona, angalia kwanza limesimama na nani."

Nikasema nimeelewa. Niliona ananionea wivu, fikiria.

Sasa mama yako. Wakati ule nilimjua kwa jina tu, Salma, mke wa Shabani. Shabani ni yule baba aliyekuzaa. Habari zake unazo, sitaongeza. Ulipofika mwaka mmoja ukaanza kuumwa. Vidole vya mikono na miguu vilikuwa vikivimba, unalia usiku na mchana, macho yanakuwa ya njano. Watu wakasema hili, wakasema lile. Siku moja Shabani akaondoka kwenda kutafuta kazi, na hakurudi, na hakuna habari iliyokuja. Mohoro nzima ilijua kwamba amemkimbia mkewe na mtoto mgonjwa, ila mbele ya mama yako hakuna aliyelitamka. Naye alitembea kichwa juu, akisema mume wangu yuko safarini. Watu wakamwachia hilo neno lake la safari. Ulikuwa ndio wema wa mwisho waliobaki nao.

Ulipokuwa na miaka mitatu walikuja madaktari wageni, wakaweka kambi kwa siku tatu kwenye madarasa ya shule. Mkalimani waliyekuja naye aliugua tumbo siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi wakapita mtaani kuuliza nani anajua Kiingereza. Kabla hawajamaliza swali, nilikuwa nimekwisha kuvaa shati jeupe.

Wakaniweka kwa daktari mmoja mwanamke, mtu mzima mwenye mvi, mpole, anayezungumza taratibu ili nimfuate. Mpaka adhuhuri mambo yalikwenda vizuri. Akisema mtoto ana homa, akatumia neno lile lile la kukimbia, nikaelewa kwa kumwona anapima joto. Akisema dawa fulani imekwisha, neno lile lile tena, nikaelewa kwa kuona boksi tupu. Nikajisifu moyoni kwamba kitenzi hiki sasa nimekitia mfukoni.

Mama yako aliingia baada ya adhuhuri, wewe umelala begani kwake. Chumba kilikuwa kimejaa. Benchi za nyuma kulikuwa na watu kama ishirini wanaosubiri, wote wa Mohoro, wote wanajuana. Daktari akakushika vidole kimoja kimoja. Akakufunua macho. Akauliza maumivu yalianza lini, yanakuja mara ngapi, nami nikatafsiri vizuri, na mama yako akajibu vizuri. Nakumbuka uso wa daktari ulibadilika, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akainama mbele, akauliza kwa upole kabisa:

"Does it run in the family?"

Mwanangu, wewe unaijua maana yake. Alikuwa anauliza kama ugonjwa huu uko kwenye ukoo. Mimi sikuijua. Nilisikia kukimbia, nikasikia familia, na nilikuwa najua habari za Shabani kama kila mtu alivyozijua. Mambo yale matatu yakakutana kichwani mwangu na yakafanya maana. Na mbele ya watu wote wale nikasema kwa sauti yangu ya kusomea magazeti:

"Daktari anauliza, nani amekimbia katika familia?"

Huko nyuma mtu mmoja akaangua kicheko, akakizima na mkono. Mama yako hakugeuka. Aliniangalia mimi.

"Nani amemwambia?" akauliza.

"Anauliza tu," nikasema.

Akakuinua begani, akakupanga vizuri. "Basi mwambie ni baba yake. Mwambie amekimbia. Si ndicho mnachotaka nikiseme? Nimekisema."

Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza, ndiyo, ni baba. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Akasema ingefaa sana baba naye aje apimwe damu, pamoja na mama. Nikatafsiri: daktari anataka baba yake mtoto aje.

Mama yako akasimama. "Kama dawa ni mpaka Shabani arudi, mwambie ahsante," akasema. "Tumekwisha kuzoea bila yeye." Akatoka, amekubeba, akipita katikati ya zile benchi, na watu wakivuta miguu yao kumpisha.

Daktari akaniuliza anakwenda wapi. Nikabaki kuutazama mlango. Akadhani sikumwelewa, akachukua karatasi akachora. Vichwa viwili juu, baba na mama. Mistari miwili inashuka. Kichwa kidogo chini, mtoto. Akapitisha kalamu kwenye ule mstari kutoka juu mpaka chini, akilirudia neno lile, taratibu, mara mbili. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia mama yako.

Ningeweza kutoka mbio. Alikuwa hajafika hata kwenye uzio wa shule, nilikuwa namwona dirishani. Ilihitaji nimwite tu, nimwambie mbele ya wale wale watu: nimekosea, daktari hakuuliza hivyo, mie ndiye nisiyejua. Maneno hayo hayahitaji Kiingereza chochote. Lakini watu wa benchi za nyuma walikuwa wananitazama midomo, kama siku zote, nami nikamwambia daktari kwamba mama amekwenda nyumbani kuchukua kadi ya kliniki, atarudi.

Jioni wakati wanafunga maboksi daktari aliuliza tena. Nikasema bado yuko njiani. Akaandika barua fupi kwa Kiingereza, akaikunja, akaniwekea mkononi. Akasema ni muhimu sana mama huyu aipate leo. Iliandikwa kwamba mtoto ana dalili zote za selimundu, apelekwe hospitali apimwe damu bila kuchelewa, aanzishiwe dawa za kumkinga.

Nilikaa na barua hiyo miaka miwili.

Nimeiandika sentensi hiyo na nimeitazama kwa muda mrefu kabla ya kuendelea. Kukosea lile neno kulinichukua muda wa pumzi moja, na hata leo, ningeulizwa, ningesema hilo ni la kusameheka. Lakini ile barua nilikuwa naificha upya kila asubuhi. Kuipeleka kulikuwa ni kumwambia mama yako kwa nini haikumfikia siku ile, na kesho yake ikawa ni kumwambia kwa nini haikumfikia jana, na kila siku iliyopita ikawa na mzigo zaidi ya ile ya nyuma yake. Mtu asikudanganye kwamba jambo la aibu hupoa likikaa. Langu lilikua.

Mohoro nako lile swali langu likageuka mzaha. Vijana sokoni wakiona fungu la mboga limepungua, utawasikia, "Nani amekimbia katika familia?" Hawakuwa na nia ya kumuumiza mama yako, wengine walikuwa hata hawakumbuki lilitokea wapi. Lakini yeye alikuwa akilisikia. Hakumaliza mwezi. Akahamia ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mpunga la marehemu babu yako, akakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunakolalia wakati wa kuwinga ndege na nguruwe. Wengine huishi huko msimu mmoja, kisha wanarudi mjini. Yeye hakurudi. Zahanati ikawa mbali, shule ikawa mbali, na ulipougua alikukanda kwa maji ya moto na kukuombea dua.

Mara moja nilivuka. Nilikuwa na barua mfukoni. Nilifika mpaka ukingoni mwa shamba, nikamwona juu ya dungu anagonga debe kufukuza ndege, na wewe mgongoni umefungwa kwa khanga, kichwa kinayumba kwa usingizi. Nikajiambia, mtoto anaonekana hajambo. Nikageuka nikarudi kwenye mtumbwi. Aliyenivusha akaniuliza, "Mbona upesi?" Nikasema nimemkosa mtu niliyemfuata.

Ulipotimiza miaka mitano, asubuhi moja uliamka mkono wa kushoto hauinuki, mguu wa kushoto hauendi, na mdomo umepinda. Walikuvusha mto, wakakupakia kwenye pikipiki katikati ya mama yako na dereva. Mimi nilizipata habari dukani, mteja anapima doti ya khanga anasema tu, kama anavyosema bei ya samaki, "Mtoto wa Salma amepooza upande. Mtoto mdogo vile!"

Niliweka mkasi chini. Bwana Hirji aliuona uso wangu, akanivuta stoo, nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote. Akasema, "Lile la kwanza lilikuwa kosa la lugha, Athumani. La barua ni lako." Akanifungulia mlango wa uani. "Nenda. Usirudi kabla hujamwambia."

Niliwakuta wodini. Damu yako ilikuwa imekwisha kupimwa, selimundu imekwisha kuonekana, na daktari, kijana Mtanzania mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuwa amemweleza mama yako kwamba kiharusi kimetokana na ugonjwa huo. Mama yako alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda chako. Nilimpa barua. Nilisimama mbele yake kama mshitakiwa.

"Mimi sijui Kizungu," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea kwa Kiswahili, kila neno mahali pake.

"Umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu siku ile ile ya kambi."

Nikamweleza lile swali. Nikamweleza kwamba daktari aliuliza habari ya ukoo na damu, kwamba la kukimbia nililitia mimi. Alisikiliza bila kupepesa macho. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo yule mama Mzungu hakuuliza habari za Shabani?"

"Hakuuliza. Hakumjua Shabani."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Hakuna."

Akaukunja ule waraka, akaufunua, akaukunja tena. "Miaka miwili," akasema, "miaka miwili nimekaa porini na mtoto mgonjwa kwa ajili ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza."

Nilingoja anipige. Ningeona nafuu. Badala yake alikutazama wewe, akapangusa mate kwenye shavu lako, akasema, "Mtoto hajaoga tangu jana. Ndoo iko chini ya kitanda. Kachote maji."

Nikachota. Kesho yake nikachota tena. Hakuwa na mtu mwingine, mwanangu, ndiyo maana hakunifukuza. Usije ukafikiri ilikuwa ni msamaha. Mpaka leo hajawahi kuniambia amenisamehe, nami sijawahi kumuuliza.

Nilimuuliza yule daktari kijana, kando, kama ungepimwa miaka miwili nyuma yake ingekuwaje. Akasema ungepata dawa mapema, ungefuatiliwa, na pengine kiharusi kisingetokea, au pengine kingetokea hata hivyo. Hakuna anayeweza kuapa. Kwa miaka mingi nimelala juu ya maneno hayo, hakuna anayeweza kuapa, kama juu ya godoro. Sasa nayatoa chini yangu. Mkono wako wa kushoto unaoshika kitabu lakini haufungi kifungo, mguu unaouburuta ukichoka, majina waliyokuita shuleni, siwezi kukwambia ni sehemu gani ya hayo ni ya ugonjwa na sehemu gani ni yangu. Lakini ipo sehemu yangu. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza, "Baba, kwa nini mimi?" nikakwambia ni mapenzi ya Mungu. Sikusema uongo. Ila siku ile nilijificha nyuma ya Mungu, na si mahali pa mtu kujificha.

Utajiuliza, naijua akili yako, kama nilimwoa mama yako ili kulipa. Mama yako aliuliza kabla yako. Ilikuwa karibu miaka mitatu baada ya hospitali, mmeshahamia huku Kibiti kwa mjomba wako ili kuwa karibu na kliniki, nami nakuja kila Ijumaa, nakunyoosha mkono kama nilivyofundishwa na yule mama wa mazoezi ya viungo. Siku moja akanizuia mlangoni.

"Athumani, unakuja kulipa, au unakuja kwa kuwa unataka kuja?"

Nikasema, "Nilianza kwa kulipa."

"Na sasa?"

"Sasa Ijumaa nisipokuja, chakula hakipiti."

Akafikiri. "Mtu anayelipa huhesabu," akasema. "Ukianza kuhesabu, nitakuona, na siku hiyo utaondoka." Kisha akanipisha nikaingia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya uchumba, hakukuwa na mengine.

Sikuwahi tena kumkalimania mtu. Hata chupa ya dawa nikiletewa nilisema sijui kusoma. Nilidhani hiyo ndiyo toba. Imenichukua muda mrefu kuona kwamba nayo ilikuwa ni kujificha, maana wewe ulikuwa na daftari lako mkekani, unamhitaji mtu wa kukwambia kwamba kitenzi kimoja kinaweza kuchuja rangi, kuendesha duka na kushuka katika damu ya watu, na mtu huyo alikuwepo, amekwenda kuwafunga mbuzi wasiokuwepo. Ungelijifunza neno hilo kwangu ungelijifunza vizuri. Hakuna anayelijua kama mimi.

Utasimama mbele ya watoto, Zuhura. Siku itafika mmoja atakuuliza kitu usichokijua, na darasa zima litakutazama midomo. Sikupi amri. Nakwambia tu ni nini kilichokuwa upande wa pili wa dakika hiyo kwangu, nawe utaamua. Na ukikosea, kwa maana utakosea, mtafute yule uliyemkosea wakati bado yuko ndani ya uzio wa shule.

Mama yako anajua kwamba naandika. Wiki iliyopita alisema, "Usipomwambia wewe kabla hajaondoka, nitamwambia mie, na mie sichagui maneno." Nimeona nikupe barua hii leo, mkononi, mkirudi kutoka Mtunda, nisiitie ndani ya sanduku uikute Iringa, mbali, huna wa kumfokea. Ukitaka kufoka, niko hapa. Ukitaka nisikusindikize kesho, mwambie mama yako, nitabaki ndani wala sitauliza.

Nimalizie na sababu iliyonifanya nisiweze kunyamaza tena. Mwezi uliopita ulinituma na fomu zako za chuo nikazitoe nakala pale mjini. Nikiwa nangoja mashine, nikaisoma ile ya pili. Kuna mahali pameandikwa mzazi au mlezi, na chini yake maelezo kwamba neno lisilohusika likatwe. Uliandika jina langu lote, kwa mwandiko wako ule wa kuegemea upande mmoja. Na ukalikata neno mlezi, mstari mmoja ulionyooka, umetumia rula.

Nilisimama pale mpaka yule kijana wa nakala akaniuliza kama kuna kilichokosewa. Nikamwambia hapana. Lakini sikutaka uondoke hapa ukiwa umelikata neno lile bila kujua unamwachia nani lile lililobaki. Sasa unajua. Nakala moja tu ndiyo iliyokwenda chuoni, na fomu tupu ninayo nyingine kabatini, juu ya vitabu vyako. Ukiihitaji, ichukue. Sitakuuliza uliijaza vipi.

Baba yako,
Athumani